Insha Zilizopigwa Pasi

Wasee, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu na hakuna aliyenigusa hata kifungo. Aliyenivua ni mama mpole mwenye miwani, wa kusema "tafadhali" kila akifungua mdomo. Sogeeni niwaambie mwenyewe. Kawangware nzima imeshasikia, na hapa Silanga itafika kabla ugali haujaiva.

Kwa wale hawanijui vizuri: mimi ni Makokha. Nafundisha uandishi kwa kachuo kadogo kule Kawangware, ghorofa ya juu, chini kuna bucha. Tunatoa makatibu na walimu wa nasari. Wanafunzi wanaandika insha na barua, mimi nasahihisha. Kwa kusahihisha nilijiona fundi. (Shikeni hilo neno, "nilijiona".)

Sasa, tangu niingie pale nimekuwa mwalimu wa majaribio. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamua kama nitaajiriwa kabisa ama nitafunganya. Mkaguzi kutoka nje ya chuo alikuwa anakuja kuangalia vile nimesahihisha mtihani wa mwisho. Akiona kazi haiaminiki, anazuia matokeo ya darasa zima. Hakuna cheti. Na kuna wasichana pale wameshaahidiwa kazi kwenye nasari, wanangoja hicho cheti tu.

Ijumaa, mkuu wetu wa chuo, Bwana Simiyu, aliniita ofisini akafunga mlango.

"Makokha, huyo mama akipata kitu kibaya, mimi sikujui."

"Hatapata kitu, Bwana Mkuu."

"Sikujui kabisa. Hata jina."

Nikamkabidhi orodha ya alama, ikapigwa taipu, ikafungiwa kwa kabati. Nakala sikubaki nayo. Ya nini? Alama si ziko juu ya insha zenyewe? Insha nikazibeba nyumbani niongeze maoni, mkaguzi aone huyu si mwalimu wa mchezo. Nikaandika maoni marefu kwa wino mwekundu, kwa ile kalamu yangu ya kujaza wino ambayo mnaicheka. Wanafunzi wanatumia biro. Mimi ni msomi, siwezi kutumia biro! (Mungu anasikia kila kitu.)

Jana nikazipanga vizuri juu ya kabati, panya wasizifikie.

Panya hawakuzifikia. Mvua ilizifikia.

Asubuhi naamka, nasikia to, to, to. Naangalia juu, bati limeachia pale msumari uling'oka. Naangalia kabati. Wasee, roho ilishuka mpaka kwa soksi. Insha zote zilikuwa zimelowa. Zimekuwa rangi ya waridi, za darasa zima, kama shati jeupe lililofuliwa na soksi nyekundu ya mtumba kutoka soko la Toi. Biro za wanafunzi hazikuguswa, kila neno lilisomeka. Kilichooshwa ni maneno yangu. Alama zote, maoni yote. "Hongera", "jitahidi", "mwandiko wa kuku", vyote vimekuwa maji ya waridi yanatiririka kando ya kabati.

Nikakaa kitandani. Nikajaribu kukumbuka alama hata moja. Achieng' nilimpa ngapi? Kizito je? Giza.

Nikatoka mbio hadi kwa jirani yangu, Mama Atieno, yule wa makaa. Ndiye mwenye pasi ya makaa kwa ploti yetu.

"Mama Atieno, naomba pasi. Haraka."

"Unaenda harusi na Monday?"

"Hapana. Napiga insha."

"Insha ni nguo gani?"

"Si nguo. Ni karatasi za wanafunzi, zimenyeshewa."

Akaziangalia, akaniangalia. "Yawa! Mwalimu, si uwaambie tu nyumba ilivuja? Hata watoto wa darasa la kwanza husema hivyo."

Hapo ndipo ningepona. Ningemsikiliza yule mama, sasa hivi ningekuwa nimelala. Lakini kichwani nilimwona Bwana Simiyu akisema "hata jina", nikaona mwalimu anayepoteza mtihani mzima kwa sababu ya msumari hawezi kuajiriwa. Nikaamua hakuna mtu atajua. Nitazikausha, nitazisahihisha upya nikiwa njiani, na kwa vile mimi ni fundi, alama zitatoka zile zile. Insha si ni zile zile? Msahihishaji si ni yule yule?

(Niacheni kidogo nipumue.)

Nikapiga pasi. Mama Atieno ananipepea makaa, mimi nasukuma. Mvuke unapanda, harufu ya makaa inaingia kwa kila ukurasa. Mambo yalikuwa yanaenda poa mpaka nikafika kwa insha ya Kizito. Nikageuka kidogo tu kumfukuza kuku. Nikarudi nikakuta ncha ya pasi imekula sehemu ya chini ya ukurasa wa mwisho. Shimo kabisa, umbo la pasi, na kingo nyeusi.

"Hiyo ilikuwa muhimu?" Mama Atieno akauliza.

"Hapana," nikasema, nikaificha katikati ya zingine.

Nikakimbia na matope hadi Toi, nikanunua biro nyekundu, ile ya bei rahisi inayovuja wino, nikaingia kibanda cha chai. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana mchana. Nikaagiza chapati na maharagwe.

"Chapati bado, ngoja kidogo," yule mama wa kibanda akasema. Unga ulikuwa bado unakandwa.

Basi nikaanza kusahihisha nikingoja. Swali lilikuwa: *Andika kuhusu kazi unayoijua vizuri.* Ya kwanza ilikuwa ya Achieng'. Ni msichana mkubwa kidogo, ameanza chuo amechelewa, hunyonyoa kuku pale soko la Kawangware asubuhi kabla ya masomo. Aliandika hivi, na hii sitaisahau: "Maji yakichemka sana, ngozi ya kuku hutoka pamoja na manyoya, na mteja hukataa. Mimi hutumbukiza kidole kwanza. Nikiweza kuvumilia nikihesabu mpaka tatu, maji yako sawa."

Mimi tumbo linanguruma. Nasoma kuhusu kuku! Hasira ikanipanda. Methali iko wapi? Tashbihi iko wapi? Na mwandiko huu mbaya je? Nikamkata. Saba kwa ishirini. Nikaandika pembeni: *Insha kavu.*

Aliyefuata, nane. Mwingine, sita. Mmoja alisahau tu nukta mahali, nikamwandikia *Huna haya?* Nilikuwa nachinja, wasee. Kila nikiinua macho, chapati bado.

Halafu zikaja. Mbili, moto, na maharagwe yenye mchuzi mzito, na chai ya maziwa. Nikala mkono mmoja, mwingine unasahihisha. Na hapo, sijui nisemeje, dunia ikabadilika. Jua likatoka. Wanafunzi wakaanza kuandika vizuri ghafla! Nikafika kwa Kizito, yule kijana ambaye amewahi kuwa makanga, wa kuitia abiria matatu. Aliandika: "Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini pia walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, kwa hivyo kazi ya makanga inataka mtu wa katikati."

Nikacheka peke yangu mpaka mama wa kibanda akaniangalia. Kipaji hiki! Kumi na tisa. Nikaandika *Hongera*, nikaandika *Hitimisho lenye nguvu.* Nikaendelea. Kumi na sita. Kumi na nane. Kumi na saba. Nikamaliza, nikajipangusa, nikavuka barabara ya Ngong nikaenda Kawangware kwa miguu, moyo mwepesi kama wa bwana harusi.

Nafika, namkuta mkaguzi ameshakaa kwa chumba cha walimu. Jina lake ni Bi. Rehema, mtu wa Mombasa. Bwana Simiyu yuko kando yake, tai imekaza shingo. Nje kwa ukumbi mdogo wanafunzi wamejaa kwenye mabenchi, wanangoja kusikia kama matokeo yamepita. Ukuta wa pale ni mbao. Mtu akikohoa ndani, nje wanajua ni nani.

"Karibu mwalimu. Pole na matope," akasema Bi. Rehema. "Tafadhali, niruhusu nizione hizo kazi."

Nikampa. Akachukua ya juu. Akaigeuza. Akaileta puani.

Akanusa!

Akanusa ya pili. Akapitisha kidole juu ya ile alama ya saba, akakiangalia kidole. Kilikuwa chekundu.

"Tafadhali mwalimu, alama hizi umezitoa lini?"

"Ijumaa," nikasema.

"Ijumaa." Akapangusa kidole kwa kitambaa, polepole sana. Bwana Simiyu alikuwa ananiangalia kama mtu anayejaribu kusahau jina langu.

Akafungua orodha iliyopigwa taipu. Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Kule chini kwa bucha mtu anapasua mfupa: ko, ko, ko.

"Huyu Achieng'," akasema. "Katika orodha ana kumi na saba. Katika karatasi yake ana saba. Tafadhali nisaidie. Kumi zimekwenda wapi?"

Wasee, akili ya mtu aliyebanwa ni kitu cha ajabu. Nikaona mwanga.

"Ile moja ya mbele ilisahaulika, Bi. Rehema. Ni kumi na saba. Moja ilibaki kwa kalamu."

"Ahaa. Ilibaki kwa kalamu."

"Ndiyo."

"Vyema." Rula ikashuka. Ikashuka tena. Akachomoa karatasi ya Kizito. "Na huyu ana tisa katika orodha. Hapa ana kumi na tisa. Sasa ile moja ya Achieng', mwalimu, imehamia kwa Kizito?"

Kule nje nikasikia benchi limelia. Mtu alikuwa amesogea karibu na ukuta.

Nikajifanya nakunja mkono wa shati.

"Tena umemwandikia *Hitimisho lenye nguvu*," akaendelea, sauti ile ile ya upole. "Nami ningependa kulisoma." Akainua ukurasa, akanitazama kupitia lile shimo la pasi. Jicho moja, miwani, kingo nyeusi. "Liko wapi?"

Bwana Simiyu akaziba mdomo na tai.

Nilidhani hapo amemaliza. Alikuwa anaanza. Akatandaza insha zote mezani, za alama za chini mkono wa kushoto, za juu mkono wa kulia. Akasimama, akachukua moja ya kushoto, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akairudisha. Akachukua moja ya kulia, akaipeleka dirishani. Pale kando ya ukurasa mwanga ulipita safi kabisa, kwa umbo la kidole gumba.

Akachukua nyingine ya kulia. Kidole gumba. Nyingine. Kidole gumba.

"Hizi za kushoto zanuka makaa tu," akasema. "Hizi za kulia zina mafuta. Na kuanzia yalipoingia mafuta, hapana hata mmoja aliyeshindwa." Akavua miwani. "Mwalimu, tafadhali. Ulikula nini?"

Nikaangalia chini. Nikaangalia juu. Nikamwangalia Bwana Simiyu, yeye akaangalia dirisha.

"Chapati," nikasema.

Akakwangua kitu kwa ukucha pembeni mwa insha moja. Ganda la haragwe.

"Na maharagwe," nikaongeza.

Kule nje pakawa na kimya kama cha kanisani wakati wa sadaka. Halafu mtu mmoja akashindwa, akapasuka. Na wakicheka wanafunzi wa ukatibu na wa nasari kwa pamoja, ghorofa inatikisika. Hata yule wa bucha aliacha kupasua mifupa.

Basi nikasema yote. Msumari, mvua, wino, pasi, kuku, Toi. Nikamaliza kwa kusema ukweli mmoja uliokuwa umeniuma tangu aweke rula: kwamba ile Ijumaa, wakati nampa Achieng' kumi na saba, nilikuwa nimetoka chakula cha mchana. Na Kizito na tisa yake, sikumbuki kabisa nilikuwa kwa hali gani. Kwa hivyo hata alama za kwanza siwezi kuziapia.

Bwana Simiyu akainuka. "Bi. Rehema, huyu tunamwachisha kazi leo leo. Chuo hiki kina viwango..."

"Bwana Mkuu, ushakunywa chai?"

"Bado."

"Tafadhali basi, chukua hii." Akampa insha moja, akafunika jina na alama kwa kipande cha karatasi. "Isome, uniambie ni ya ngapi. Mimi nami nitaandika yangu, tuone."

Bwana Simiyu akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu kwa basi. Akasoma mstari wa kwanza. Akameza mate. Akaangalia saa. Akasema kuna mtu wa stima anamngoja kule chini, akatoka. (Stima ilikuwa iko sawa. Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.)

Tukabaki wawili. Bi. Rehema akaniambia matokeo hatayazuia kama tutazisahihisha upya leo, sisi wote wawili, majina yamefunikwa, kila mtu aandike alama yake bila kuona ya mwenzake. Na kabla ya kuanza, tukubaliane tunatafuta nini kwa insha.

"Lakini kwanza," akasema, "wale walio nje wanastahili kujua kwa nini wanacheleweshwa. Nenda ukawaambie."

"Wameshasikia, Bi. Rehema."

"Wamesikia kwa ukuta. Tafadhali, wasikie kwako."

Wasee, nimewahi kufukuzwa na mbwa wa askari. Nimewahi kuteleza na kuanguka ndani ya mtaro na suti ya harusi. Hakuna kitu kama kufungua ule mlango. Darasa zima limeniangalia. Nikasimama, nikasema kwamba kulikuwa na hitilafu katika usahihishaji, na kwamba insha zitasomwa upya kwa haki, na kama kuna mwenye swali...

Achieng' akainua mkono. Hakuwa anacheka. Hilo ndilo lilinimaliza, alikuwa anauliza kwa dhati.

"Mwalimu, yangu ulisoma kabla ya chapati ama baada?"

"Kabla," nikasema.

"Ulinipa ngapi?"

"Saba."

Akatikisa kichwa polepole. "Na niliiandika mara mbili. Ya kwanza niliirarua kwa sababu haikuwa ya ukweli."

Nikamwambia pole, na pole yenyewe ilitoka ndogo kama ya mtoto.

Tukasahihisha mpaka jioni. Tulipofika kwa ile ya kuku, niliijua hata kama jina lilikuwa limefunikwa. Bi. Rehema akaniomba niisome kwa sauti. Nikasoma yale ya kidole ndani ya maji. Nikasoma mpaka mwisho, anaposema kuku wa mwisho wa asubuhi huwa anamnyonyoa taratibu kwa sababu vidole havisikii tena, na akifika darasani hushika kalamu kwa mkono wote kama mtoto. Kumbe ule mwandiko mbaya nilioukatia alama ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa imeandikwa pale pale. Asubuhi sikufika huko. Niliishia kwenye ukurasa wa kwanza.

"Kosa lake ni nini?" Bi. Rehema akauliza.

"Nilisema haina methali."

"Kuku alitaka methali?"

Tukafunua alama zetu. Yeye kumi na sita, mimi kumi na sita. Nilitaka kuruka juu, lakini nikajizuia, kwa sababu aliyefuata mimi nilisema kumi na yeye akasema kumi na tatu, tukabishana mpaka chai ikapoa. Kizito ilibidi aitwe aandike hitimisho upya. Akaandika, akaweka methali tatu, mbili zinapingana. Akapata kumi na moja, akashukuru sana.

Darasa lote limepita isipokuwa wawili, na hao wawili watarudia mwezi ujao. Vyeti viko njiani. Mimi nimeongezewa muhula mwingine wa majaribio. Bwana Simiyu ameniambia kwamba bado hanijui vizuri, ila jina ameanza kulikumbuka.

Haya, sasa chekeni mmalize. Ila kama una dada ama binamu anayesoma pale chuoni, na akuulize kama unamjua mwalimu fulani wa uandishi anayekaa Silanga, nakuomba kwa heshima zote: sema hunijui. Sitakasirika.